Mguu wa Kushoto wa Mama Regina

Wateja wanaopoteza muda nawajua kwa aina zao. Kuna yule anayekuambia "njoo, nipo," ukifika unaambiwa yuko Mwanjelwa ananunua mchele. Kuna wa "niko njiani" ambaye hajatoka hata bafuni. Kuna anayetaka kope, ukishafungua gundi ndipo anampigia mumewe kuomba ruhusa. Na mbaya kuliko wote ni mkarimu. Huyo anakukalisha, anakulisha, anakusimulia, mpaka saa ya mteja mwingine inafika na wewe hujafungua begi.

Mimi ni Tumpe. Mwaka wa saba huu nafanya urembo wa nyumba kwa nyumba hapa Mbeya: kucha, kope, uso, miguu. Saluni sina, nina begi na bodaboda. Kwa hiyo sheria yangu kila mteja anaijua. Nikifika nasubiri robo saa. Robo saa ikipita nafunga begi, na siku nyingine simu yako sipokei. Wanasema nina hasira za karibu. Ninazo kweli, na ndizo zilizosomesha wanangu.

Mwezi wa sita alinipigia Regina, mwalimu wa sekondari anayeishi Ilomba.

"Dada Tumpe, naomba ukamtengeneze mama yangu miguu. Jumamosi ni sendofu yangu, ya kuniaga kabla ya harusi. Wakwe zangu wanatoka Iringa, na mama ndiye anatakiwa kuingia ukumbini akicheza, anikabidhi. Nimemnunulia viatu vya wazi. Sasa anasema haendi, eti miguu inamuuma. Haimuumi, dada. Anaona aibu magaga. Baba sina. Mama asipoingia, nani atanikabidhi?"

Nilikwenda nyumbani kwake Jumatano, mwenyewe akiwa kazini. Mama, aliyefikia hapo kutoka kijijini, hayupo. Jirani akasema amekwenda Uyole kumjulia hali mgonjwa. Nikasubiri robo saa, nikaongeza dakika tano kwa heshima ya uzee, nikaondoka.

Regina akaniomba radhi, nikarudi. Alhamisi nilimkuta. Mama mrefu, mkavu, amevaa kitenge, soksi nene na raba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Hilo swali nalijua. Ukaletwa ugali, yakaletwa maziwa ya mgando ya ng'ombe wake mwenyewe, yaliyosafiri na ndoo kutoka Usangu. Akaniuliza wanangu wanasoma wapi, akanisimulia bei ya mpunga, akanisimulia ndama aliyezaliwa usiku wa mvua. Kila nikigusa beseni, anaongeza maziwa. Mwisho akasema, "Kesho, mwanangu. Leo umechoka." Nimechoka mimi!

Nilikuwa nimeshaapa sirudi. Lakini Ijumaa usiku Regina alilia kwenye simu, na mtu akinililia mimi ni mwepesi kuliko ninavyojifanya.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nilikuja na jembe langu begani. Ilikuwa Jumamosi, saa moja asubuhi, baridi ya Mbeya inang'ata masikio. Saa tatu nilikuwa na bibi harusi mwingine kule Forest, Joyness, na shangazi yake ndiye mwenyekiti wa kamati za harusi nusu ya mji. Regina mwenyewe alikuwa ametoka alfajiri kwenda kusuka.

Mama akanipokea na chupa ya chai mkononi. "Ngoja kwanza unywe chai, mwanangu."

Nikalipuka. "Mama, mimi siyo mgeni! Nimekuja kazini, mara ya tatu hii. Kama hutaki miguu ishikwe, sema niondoke, na mwanao aingie ukumbini peke yake!"

Nilijuta kabla sijamaliza. Mtu mzima haambiwi hivyo, hata mama yangu angenizaba kofi. Lakini yeye aliiweka chupa chini, akakaa, akavua raba, kisha soksi, moja baada ya nyingine.

Nimeshika miguu mingi. Nimeshika ya wakulima wa mpunga, ya wauza ndizi wa Tukuyu, ya wake wa wachimbaji wa Makongolosi. Kama ile sijaiona. Magaga yalikuwa yamepasuka kama mbuga ya Usangu mwezi wa kumi. Vidole viwili havikuwa na kucha kabisa. Na nyayo zote mbili, toka kisigino mpaka kidole gumba, zilijaa makovu madogo madogo, kovu juu ya kovu. Nilianza kuyahesabu, nikaacha.

"Mama," nikauliza, na sauti yangu ilikuwa imeshashuka yenyewe, "miguu hii imetembea wapi?"

"Kutoka Kwimba, kule Mwanza. Mpaka Usangu."

"Kwa miguu?"

"Ng'ombe wetu walikuwa sitini, mwanangu. Nani angetupa gari?"

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne. Ukame uliwamaliza, mumewe Magesa akasikia kusini kuna majani, wakaswaga ng'ombe, miezi mitatu na nusu, porini. Kila jioni Magesa aliwasha moto, akachukua sindano, akamtoa mkewe miiba. Kwanza ya mkewe, halafu ya kwake.

"Tulipofika msitu wa Rungwa akashikwa na homa. Siku mbili tu. Vijana wawili wa kundi la wafugaji lililokuwa nyuma yetu wakanisaidia kumzika. Nikakaa pale kaburini. Asubuhi ng'ombe wakaanza kulia." Akanitazama. "Ng'ombe hawajui msiba, mwanangu. Walitaka maji."

"Ukafanyaje, mama?"

"Nikawapeleka kwenye maji."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayekuambia alitoka kidogo kwenda gengeni. Kutoka Rungwa aliwaswaga peke yake siku ishirini na sita, usiku akilala kwa zamu na mbwa. Alifika na ng'ombe arobaini na moja.

Akanyoosha mguu wa kushoto, akagusa kovu moja katikati ya unyayo. "Mwiba wa mwisho alinitoa hapa. Homa imeshaanza, mikono inamtetemeka. Toka siku hiyo hakuna mtu aliyeshika. Sikuwa nakuchezea, mwanangu. Kila nikisema leo, nashindwa."

Mimi na robo saa yangu! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilikuwa nimekaa mbele ya mtu ambaye sistahili hata kumshikia raba, na nimemkoromea kwa sababu ya kikombe cha chai.

Simu ikaita. Joyness. "Niko njiani, mdogo wangu," nikamwambia, na mguu wa mtu uko mapajani. Miaka saba sijawahi kumwambia mtu neno hilo.

"Ukisugua," mama akauliza, "litaondoka?"

Ningeweza kumdanganya. "Kovu litabaki, mama. Lakini ugumu wote huu utaondoka. Utakuwa mguu mwingine."

Akafikiri. "Basi wa kulia usugue. Huu uoshe tu, upake mafuta. Nitaingia nao hivyo hivyo."

"Utaingia ukumbini, mama?"

"Nimefika nao Usangu, ukumbini nitashindwa?"

Niliuosha mguu ule kwa mikono mitupu, bila brashi, taratibu. Nilikuwa naogopa. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Nilikuwa naogopa, na nilifurahi kuwepo.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Regina, nywele zimesukwa zikapanda juu, simu mkononi. Akatazama mguu wa kulia uliong'aa, akatazama wa kushoto.

"Dada Tumpe, mguu mmoja ndio nini? Wakwe zangu wameshapita Makambako! Mama, umempotezea tena dada wa watu muda?"

"Huu nimekataa mimi," mama akasema. "Baba yako alinitoa mwiba hapa, Rungwa, tukiwa njiani."

Regina akacheka kidogo, kwa haraka zake. "Njiani wapi, mama? Si ulisema tulikuja na lori?"

Nikageuka kumtazama mama. Miaka thelathini, na mtoto alikuwa hajui.

"Lori lilileta watu wengine," mama akasema. "Wewe nilikubeba mimi. Sikutaka ukue unahesabu hatua zangu kama deni."

Regina aliutazama ule mguu, simu inaita mkononi mwake na yangu inaita ndani ya begi, na hakuna aliyepokea. Kisha akakaa chini kwenye sakafu iliyolowa maji, na nguo zake nzuri. Nikauinua ule mguu kwa mikono miwili, nikamwekea mapajani, nikampisha.