Kitu Cheupe Kama Chaki

Shangazi alitoka hospitali mzima baada ya ile homa ya mapafu, tukasema tumeponea chupuchupu. Akarudi kwenye cherehani yake. Wateja waliponiuliza chochote mimi niliangalia sakafu, naye akanijibia.

Mwezi wa pili tangu arudi, jino lake la juu likalegea. Shangazi hukata uzi kwa meno hata mkasi ukiwa mkononi.

“Wee Bibi Kimya, funga uzi wa jinzi hapa, uvute.”

Nilivuta. Jino likatoka bila damu, kama kifungo kilicholegea.

“Umeona? Fundi hashindwi!” akacheka.

Kidonda hakikufunga. Kila asubuhi nilimmulikia kwa simu. Ndani palikuwa na kitu cheupe, kikavu, kama chaki yetu ya kuchoria vitambaa. Kiliniogopesha, nikanyamaza. Baadaye pakaanza kutoa harufu. Wateja wakawa wanasogeza viti.

Tulipofika kwa daktari wa meno, shavu lilikuwa limevimba na mdomo haufunguki sawasawa.

“Jino lilitolewa na nani?”

Shangazi akanikanyaga mguu chini ya meza. Akaonyesha kwa mkono kwamba lilidondoka lenyewe.

“Basi ni jipu la ufizi. Meza dawa hizi, urudi mwezi ujao.”

Daktari alikuwa ameshaanza kuandika. Shangazi hakuwa na mdomo wa kusema, na mimi nilikuwa nao.

“Nilivuta mimi,” nikasema. “Kwa uzi. Alilazwa na homa ya mapafu, siku kumi na tisa kwenye oksijeni. Na ndani kuna kitu cheupe.”

Kalamu ikasimama. Shangazi akapigwa picha ya taya siku hiyohiyo.

“Hicho cheupe ni mfupa wa taya uliokufa,” daktari alisema. “Ugonjwa ule na dawa zake kali huenda vilizuia damu kuufikia. Mngengoja mwezi, uozo ungepanda hadi karibu na jicho.”

Walikata kipande cha taya. Shangazi alirudi na shavu lililobonyea, maneno yake hayaeleweki.

Juzi mteja akauliza gauni lake litakuwa tayari lini. Shangazi akanitazama.

“Ijumaa,” nikanong’ona.

“Eti?”

Shangazi akachukua chaki, akaandika juu ya meza. Nilisoma polepole, herufi moja moja: *Paza sauti, mwanangu.*

“Ijumaa!” nikasema, nikamkatia uzi wake kwa mkasi.