Faili Lisilo na Ruhusa

Foleni ya vifurushi vipya vya programu ilikuwa ndefu, na Wiebke Harms hakuwa na haraka na hata kimoja. Alimimina chai juu ya kipande cha sukari ya mawe, akatia tone la krimu, hakukoroga. Nje, mvua ya Leer, kaskazini mwa Ujerumani, ilinyesha kama kawaida yake.

Kazi yake, ambayo hakulipwa hata senti, ilikuwa ya ubawabu. Programu yoyote iliyotaka kuingia katika mfumo wa kompyuta ambao yeye na wenzake waliugawa bure duniani kote ilipita kwake kwanza. Alifungua faili moja moja kuona nani ameliandika na ametoa ruhusa gani ya kulitumia. Lisipokuwa na ruhusa ya maandishi, kifurushi kizima kilirudi kilikotoka. Wenzake walimwita Forodha, naye, ukweli usemwe, alilipenda jina hilo.

Jumapili hiyo mlango wa toleo jipya ungefungwa saa sita mchana. Ambacho kingebaki nje kingengoja toleo lijalo, miaka miwili.

Zamu ilifika ya Liis Orav, mwalimu wa Tartu, Estonia, asiyeona tangu utotoni. Programu yake iliwasomea barua wasioona, na shule yake haikukubali chochote kisichokuwa ndani ya toleo rasmi. Wiebke alikwisha kumrudishia mara mbili, na mara zote alisimama kwenye kosa la kwanza, kama desturi yake. Leo alilifikia faili la mwisho, lile linaloifundisha kompyuta kutamka namba. Ruhusa hamna. Juu kulikuwa na jina tu: W. Tammen.

Akaweka kikombe chini. Tammen lilikuwa jina lake kabla ya kuolewa. Aliandika kitu hicho akiwa mwanafunzi Bremen, akakitupa mtandaoni bila kuandika ruhusa, akakisahau. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

Akampigia Henning, mkaguzi mwenzake wa Kiel.

"Nimepata faili halina ruhusa."

"Si ulirudishe! Tangu lini unaniuliza mimi?"

"Ni langu."

Henning alicheka mpaka akakohoa. "Jamani! Forodha kakamatwa na magendo!"

"Cheka upesi, saa tano na nusu hii. Naandika ruhusa sasa hivi, halafu kifurushi ukipitishe wewe. Mimi siwezi, mkono wangu umo."

Aliandika, akatuma. Baada ya dakika tano ikarudi: *Umesahau kuweka mwaka, bibie. Imekataliwa.* Wiebke akatukana kwa Kijerumani cha nyumbani kwao, akaweka mwaka, akatuma tena. Saa sita kasoro dakika kumi kifurushi kikapita.

Ndipo akampigia Liis.

"Forodha?" Sauti ya Liis ilikuwa imechoka. "Haya, sema. Safari hii nimekosa wapi?"

"Hujakosa, mwalimu. Kimepita. Yule Tammen wa faili la namba amepatikana, ametoa ruhusa."

"Tammen! Yu hai? Nimemtafuta miaka mitatu, barua zote zinarudi! Watoto wangu wote wamejifunza kuhesabu nyumbani kwangu kwa faili lake. Hata mimi. Hebu niambie, ni mtu wa namna gani?"

Wiebke alitazama chai iliyopoa.

"Msumbufu," alisema. "Anakuomba radhi."