Enid Apelekwa Coventry

Hakuna aliyempandisha Enid Colclough kwenye treni. Alipelekwa Coventry akiwa amekaa kwenye kigoda chake kilekile, mjini Burslem, katika chumba cha wanawake wanaochora maua kwenye sahani. Asubuhi moja ya Januari alivua koti, akasema, "Habari za asubuhi, jamani," na chumba kizima kikainamia sahani zake. Hakuitikia hata mmoja.

Coventry yenyewe ni mji wa watu, una maduka na viwanda vya magari, na haukumkosea mtu. Kwa nini Waingereza waliuchagua huo uwe jela ya kununiana, waulize wenyewe. Kila mmoja atakupa kisa chake, na hakuna anayejua. Watoto wa shule hupelekana Coventry asubuhi wakarudishana kabla ya chakula cha mchana. Mke humpeleka mumewe Coventry Ijumaa akirudi amelewa, na Jumapili nyama ya kuoka ikinukia, mume keshasamehewa. Hayo ni mapenzi tu. Kiwandani si mchezo. Kiwandani aliyepelekwa hasemeshwi, haulizwi, hajibiwi, na atakayemsemesha anamfuata hukohuko.

Kosa la Enid lilikuwa hili. Msimamizi alikataa kuwasha jiko la makaa, vidole vikafa ganzi, wanawake wakakubaliana kuweka brashi chini mpaka moto uwake. Waliziweka wote isipokuwa Enid. Yeye alichora waridi mpaka jioni, hakusema kwa nini, na msimamizi akapata pa kusemea: mbona huyu anaweza?

Aliyeumia zaidi, baada ya Enid mwenyewe, ni Nesta Machin. Walikaa bega kwa bega tangu wakiwa wasichana, na Nesta hakuwa na shoga mwingine. Miezi ilipita anamsogezea chupa ya tapentaini ya kuyeyushia rangi bila kumtazama. Mara nyingi neno lilimfika mdomoni akalimeza, maana Bi Ada Brindley, mkubwa wao chumbani, alikuwa na masikio ya paka. Nesta alijiambia kwamba huo ni umoja wa wafanyakazi. Uongo mtupu. Ulikuwa woga, na yeye alijua.

Mwezi wa Mei, saa ya chakula, wakatoka na kumkuta msichana amesimama langoni na kigari cha mtoto. Alikuwa Thelma, binti yake Enid, aliyeolewa mbali, na ndani ya kigari mlikuwa na kichanga kimekunja uso. Enid alikuwa keshafika, ameshika mpini kwa mikono miwili.

Sasa, Burslem kichanga hakipitwi. Ukikiona mara ya kwanza unakitia sarafu ya fedha kiganjani; ukipita hivihivi umekiachia mkosi, na hapana mwanamke wa pale, hata awe na roho ya jiwe, atakayethubutu. Wakasimama wote. Wakamtazama Bi Ada.

Bi Ada akafungua pochi, akainama, akamtia mtoto sarafu, akainuka na kwenda zake bila kumtupia bibi mtu hata jicho. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, kimya, kama watu wanaoaga maiti. Thelma alikuwa akiwashukuru huku akimtazama mama yake.

Nesta alikuwa wa mwisho. Alikusudia kutia na kuondoka. Lakini mtoto alishika sarafu pamoja na kidole, akaking'ang'ania, na Nesta akalazimika kusubiri. Akamwona Enid amejisogeza pembeni, macho chini, ili asimpe mtu taabu ya kumkwepa. Keshazoea. Hilo ndilo lililomkata Nesta maini.

"Anaitwa nani, Enid?"

"Nesta!" Bi Ada aligeuka kule mbele. "Umesahau?"

"Sijasahau, Bi Ada. Nipelekeni na mimi! Huko angalau nitakuwa na mtu wa kuongea naye."

Enid alifungua mdomo. Akakohoa. "Rosalind," akasema.

"Jina zuri, shoga."

"Siku ile ya baridi, Nesta..." Enid alisema upesi, kana kwamba ruhusa ingekwisha. "Thelma alikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Nilikwishamchagulia kigari hiki, kipo dukani kinamngoja, na mimi nalipwa kwa hesabu ya sahani; nisipochora sikilipii. Niliogopa kusema. Niliona nikilitamka tu, na huyu ataondoka."

Bi Ada alikuwa amerudi, amesimama nyuma ya Nesta. "Ungetuambia," akasema, kwa ukali, lakini macho yake hayakuwa makali.

"Nilijipa moyo usiku, nikaja kuwaambia kesho yake, Bi Ada. Nikaanza na habari za asubuhi."

Hakuna aliyejibu. Safari hii haikuwa adhabu. Aibu iliwakaa wote usoni. King'ora kikalia. Thelma akasukuma kigari kuelekea kituo cha basi, wanawake wakarudi kwenye vigoda vyao, brashi zikaanza tena.

Nesta alingoja. Alijua neno lake peke yake halitoshi. Chumba ni cha Bi Ada. Petali moja ikamtoka nje ya mstari. Waridi la kwanza likaisha, na la pili. Ndipo Bi Ada akasonya.

"Enid! Hebu sogeza hicho kigoda, unanizibia mwanga!"

Brashi zote zikasimama.

Enid akasogea, taratibu, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. "Miezi yote hii nakuzibia, Bi Ada," akasema. "Mbona hukusema?"

Bi Ada ndiye aliyeanza kucheka.