Mazabodi ya Kaka Yahaya

Kaka Yahaya alivuka mpaka hadi mji wa Nakonde akanunua mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, ya hali ya juu kabisa. Alitaka mashine moja imharirie video za harusi mchana, jioni vijana waichezee gemu. Siku ya tatu akaniita, uso kama kafiwa.

"Mdogo wangu, nimepigwa. Ni feki! Nikianza kuhariri tu, inazima. Mwisho wa kuirudisha ni leo saa kumi."

Nikaifungua kompyuta nikaikagua mazabodi yenyewe. Nafasi nane za memori, vyuma vizito vya kupoza joto, hakuna palipoungua.

"Kaka, hii ni orijino kuliko wewe. Hebu iwashe nione."

Kabla ya kuiwasha, akachukua kitambaa cha maua alichofuma mkewe, Siti, akaivika kompyuta nzima. Matundu ya hewa yote yakazibwa.

"Sasa hiyo unaipeleka kwenye sherehe gani?"

"Vumbi la malori, bwana! Mbona redio tunaifunika?"

"Redio haihariri harusi. Wewe beba gunia la mahindi ukiwa umejifunika blanketi, tuone kama hutazima."

Nikakivua kitambaa, tukaanza kuhariri. Saa nzima ikapita, mashine inaunguruma tu. Saa kumi kasoro simu ikaita. Ni muuzaji wa Nakonde, anasalimia kwa lugha ya kwao.

"Muli shani, bwana Yahaya? Unairudisha? Kuna mteja hapa anaitaka."

Yahaya akakohoa, akanipa mgongo.

"Nirudishe ya nini? Mimi mali safi naijua kwa macho tu."