Mtungi wa Kijani Katika Ploti ya Andati

Zilpah alichota maji ya uvuguvugu kwa kikombe cha bati, akayamwaga polepole ubavuni mwa mtungi wa gesi, kuanzia mabegani hadi chini. Kisha akaweka kiganja. Juu palikuwa na joto la maji. Akaushusha mkono taratibu, kama mtu anayepapasa mbavu za ng'ombe mnadani, akingoja ubaridi. Marehemu mumewe, Isaiah Makhanu, ndiye aliyemwonyesha hayo: panapoanza ubaridi, hapo ndipo gesi ilipofika. Mtungi uliojaa huanza kuwa baridi karibu na mabega. Huu ulikuwa umeletwa jana yake tu, na ubaridi ulimngoja kiunoni.

Akarudia. Maji yakamlowesha slipa. Kiunoni tena.

"Kumbe," akasema peke yake.

Tangu mazishi alikuwa akijilaumu. Gesi ilikuwa ikiisha upesi, naye akadhani anaacha jiko likiwaka bure, akikaa kuitazama sufuria bila kuiona. Majirani walimwambia ndivyo msiba ulivyo, humfanya mtu asahau. Kumbe msiba ulikuwa umesingiziwa.

Akajifunga leso vizuri, akatoka kwenda dukani kwa Andati.

Duka lilikuwa pale pale mbele ya ploti, kando ya lango. Andati alikuwa ndiye mwenye nyumba, ndiye muuza gesi, na ndiye aliyeshika stima. Ploti nzima pale Shirere, mtaa wa Kakamega, safu mbili za vyumba vinavyotazamana, ilikuwa na mita moja, na fyuzi za vyumba vyote zilikuwa sebuleni kwake, ukutani kando ya kalenda. Alitoza kila balbu. Pasi ya stima aliipiga marufuku, na wapangaji waliapa kwamba anaweza kuinusa akiwa kanisani. Kwa upande wa gesi, aliuza mitungi ya buluu tu, na kila mpangaji aliyepikia gesi alijua ataichukua kwake. Haikuandikwa popote.

Na hata bila Andati, kuhama gesi siku hizo hakukuwa mchezo. Kila kampuni ilikuwa na mtungi wenye mdomo wake, na regulata ya huu haikukubali kushika ule. Anayetaka kubadilisha alianza upya kama aliyeolewa jana: mtungi mpya, regulata mpya.

"Mzee Andati, ule mtungi haujajaa," Zilpah alisema.

Andati alikuwa akimpimia mteja sukari. Hakuinua uso. "Nani amekuambia?"

"Nimeupima kwa maji."

Wateja wawili waliokuwa dukani wakacheka. Andati naye akacheka, akapata nguvu. "Jameni, mnasikia? Siku hizi gesi inapimwa kwa maji. Kesho mtapima maji kwa gesi." Kisha akashusha sauti, ikawa ya kanisani. "Sikiza, mama. Makhanu alikuwanga mteja wangu miaka yote. Mtungi huo alikujanga kuuchukua hapa mwenyewe, na hakulalamika hata siku moja. Mtu kama yule, leo yuko udongoni, wewe unataka kumharibia jina kwa kelele za gesi?"

Zilpah akaegemea kaunta. Kila mtu alikuwa na Makhanu wake siku hizi. Shemeji zake walikuja na Makhanu ambaye angetaka baiskeli ibaki kwao. Mchungaji alikuja na Makhanu ambaye angetoa zaidi kwa ajili ya bati za kanisa. Sasa hata gesi nusu ilikuwa na Makhanu wake, tena asiyelalamika. Isaiah aliyemjua yeye alikuwa fundi wa kiwanda cha sukari Mumias, mtu aliyeweza kurudisha kibiriti dukani kwa kuwa kina njiti zisizo na vichwa.

"Nitanunua kwingine," akasema.

Andati sasa aliinua uso. "Nunua. Lakini siku mtungi mwingine utaingia kwa ploti yangu, stima utaisikia ikitajwa redioni. Na redio yenyewe itumie betri."

Wateja wakacheka tena. Zilpah akaondoka.

Jirani yake Milcah, msusi wa nywele aliyekaa chumba cha pili, alikuwa amesikia yote akiwa mlangoni. "Dada, achana naye," akasema. "Jumamosi una akina mama wa kanisa hapa. Utawapikia gizani?"

Jumamosi hiyo Isaiah angetimiza mwaka tangu afariki. Kaburi lake lilikuwa nyumbani, upande wa Mumias, na ibada kubwa ilikuwa imeshafanywa huko na ukoo, ngoma za isukuti zikapigwa, kila mtu akasema lake. Lakini Zilpah alitaka siku moja yake mwenyewe, katika chumba walichoishi wawili, na chakula alichokipika yeye. Si jambo kubwa. Chai, wali, maharagwe, na kuku mmoja. Alitaka tu moto wa siku hiyo usiwe wa kudanganywa.

"Nitawapikia," akamjibu Milcah. "Giza halizuii maharagwe kuiva."

Siku iliyofuata alizunguka mji. Kwenye kituo cha petroli gesi ilikuwa nafuu, ila regulata zake zilikuwa "zinakuja wiki ijayo", na mlinzi akamwambia kwa kunong'ona kwamba wiki hiyo ijayo imekuwa ijayo tangu Krismasi. Nyuma ya soko, kijana wa duka alimuuliza kama amemwambia mumewe. Zilpah akamtazama mpaka kijana akaanza kupanga sabuni zilizokuwa zimepangika.

Mwishowe alifika kwa mwanamke mmoja mrefu, Jepchirchir, aliyeuza mitungi ya kijani katika kibanda cha mabati. Bei yake haikuwa tofauti sana na ya Andati. Lakini mizani ilikuwa pale mlangoni, mahali pa kuonekana, na kila mtungi ulipandishwa juu yake mbele ya mnunuzi.

"Una maji ya moto?" Zilpah akauliza.

"Ya nini? Unataka kuuogesha?"

"Ndiyo."

Jepchirchir akacheka, akamletea birika. Zilpah akamwaga, akaweka kiganja, akashusha. Mkono haukwenda mbali. Ubaridi ulimpokea begani, mkali, kama salamu ya mtu aliyekuwa akimngojea. Akabaki ameinama pale, kiganja juu ya bati, mpaka Jepchirchir akamuuliza kama yuko sawa.

"Niko sawa," akasema, akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Niwekee huu."

Zamu yake ya kupokea pesa za chama cha akina mama ilikuwa imefika wiki hiyo. Wenzake walitarajia anunue kabati la vyombo. Alinunua mtungi wa kijani na regulata yake.

Milcah alipopata habari alishika kichwa. "Basi uulete jioni, tuufunike gunia. Tutasema ni mahindi."

"Sijaiba, Milcah."

"Najua hujaiba. Lakini Andati hajui kutofautisha."

Zilpah akakodi baiskeli, akaufunga mtungi nyuma kwa mpira, akaingia nao langoni saa nane mchana, jua likiwa limewaka na watu wote wakiwa vibarazani. Hakuharakisha. Alipopita mbele ya duka alisalimia, "Habari ya mchana, Mzee Andati," kama afanyavyo siku zote. Andati akaliacha duka, akaingia sebuleni kwake penye fyuzi. Kabla mtungi haujashuka kwenye baiskeli, redio ya Zilpah ilikuwa imenyamaza ndani.

"Haya," Milcah akasema, "redio imetangaza."

Zilpah akacheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu, na kicheko kikamshtua mwenyewe. Kisha akaubeba mtungi wa buluu pamoja na ile gesi yake nusu, akauweka kwenye ngazi ya duka la Andati.

"Na hii?" Andati akauliza.

"Ni gesi yako. Mimi sina regulata ya kuitumia tena, nimempa Milcah achezee."

"Pesa ya mtungi sirudishi. Risiti ni ya Makhanu."

"Basi mrudishie yeye," Zilpah akasema, akaenda zake.

Siku zilizofuata alitumia taa ya mafuta. Andati akiwapita wapangaji wengine alisema kwa sauti, "Kuna watu wamerudi enzi za babu zao." Zilpah akaendelea kung'arisha chimni ya taa yake kwa gazeti kuukuu. Jioni aliuona mwanga wa balbu kwa Andati ukififia na kurudi, wa taa yake ukiwa umetulia.

Jumamosi ikafika. Akina mama wa kanisa walikuja saa tisa, wakajipanga kitandani, kwenye viti na kwenye mkeka. Wakaimba kidogo, wakaomba. Huko nje mbingu ikawa nyeusi kama ilivyo desturi ya Kakamega mchana ukizeeka, na mvua ikaanguka kwa kishindo. Radi ikapiga mahali karibu, upande wa mtoni. Ghafla stima ikapotea Shirere nzima. Vyumba vyote vikasema "Aah!" kwa pamoja, isipokuwa chumba cha Zilpah. Humo taa ilikuwa imewashwa tangu mapema.

Alikuwa ameipua maharagwe mlango ulipogongwa. Alikuwa Priscah, mke wa Andati, ambaye watu walimwita Mama Musimbi. Alikuwa amelowa, na mikononi ameshika sufuria kubwa iliyofunikwa.

"Mama," akasema, akaona akina mama wamejaa, akashusha sauti. "Naomba moto."

Kila mtu katika chumba kile alijua habari za wageni; mengine Priscah aliyaeleza kwa kunong'ona. Siku hiyo wageni wa posa ya binti yao Musimbi walikuwa sebuleni kwa Andati, watu wazima wa ukoo, wamekuja kuzungumza mahari. Kuku wao alikuwa jikoni. Jiko la stima lilikuwa limezimika na radi. Mtungi wa buluu alioutumia ulikuwa umetolewa dukani asubuhi ile na Andati mwenyewe, kwa haraka, wa kwanza uliokuwa karibu na mlango, pale ngazini Zilpah alipouacha wake. Nao ulikuwa umekata roho kuku akiwa hajabadilika hata rangi. Dukani sasa hakukuwa na mwingine, lori lilikuwa halijaja. Wapangaji wangempa stovu ya mafuta taa, lakini nani atawawekea wakwe mbele ingokho, yule kuku wa heshima, akinuka mafuta taa?

"Mwambie Andati apikie fyuzi zake," mama mmoja akanong'ona mkekani, na mwingine akambana kiwiko.

Zilpah alimtazama Priscah akitiririka maji. Kwao alikokulia, moto haukunyimwa mtu. Hata mliokosana, mtoto wa jirani akija asubuhi na kigae kuomba kaa la moto, alipewa. Anayenyima moto ndiye aliyehesabiwa mchawi.

"Lete hapa," akasema. Akaipokea sufuria, akaiweka juu ya moto wa buluu na wa kimya wa mtungi wa kijani. "Kaa. Utakula maharagwe ya Isaiah ukingoja."

Priscah akakaa. Machozi yalimtoka, au ilikuwa mvua. Akina mama wakaendelea na wimbo walioukatiza.

Kuku alipokaribia kuiva, mlango ukagongwa tena. Safari hii alikuwa Andati, koti juu ya kichwa. Alisimama kizingitini. Aliuona mtungi wa kijani, akaiona sufuria ya mkewe juu ya moto, akaiona taa, akawaona akina mama wa kanisa wote wakimtazama.

"Wageni wanauliza," akasema.

"Kuku wa wakwe hakimbizwi," Zilpah akasema. Alifungua kifuniko, akachoma paja kwa uma, akafunika. "Sasa tayari."

Milcah hakuweza kujizuia. "Hakikisha firigisi imo, dada. Ndiyo haki ya mwenye mji, asije akasema tumemlia."

Chumba kikaangua kicheko, hata Priscah. Andati alikohoa. "Mke wa Makhanu," akaanza, kwa ile sauti ya kanisani, "umefanya vyema. Makhanu mwenyewe, alivyokuwanga mtu wa amani, angefurahi kuona... Na stima, ikirudi, nitakurudishia. Yaishe."

Zilpah akashika sufuria kwa leso, akampa mikononi, ikiwa ya moto na nzito, akamwacha aishike.

"Stima ni yako, fanya utakavyo," akasema. "Moto sikuuzii, nimempa Mama Musimbi. Kitu kimoja tu. Jina la Isaiah usilitumie tena kuuza gesi. Wala kunitisha nalo, wala kunisifu nalo. Yule alikuwa mtu wangu. Ukitaka kusema neno, sema la Andati."

Sufuria ilikuwa ikimchoma vidole. Hakuwa na mahali pa kuiweka, na hakuna aliyeondoka kumpisha. Akamtazama mkewe. Priscah alikuwa akitazama sahani yake.

"Nimesikia," Andati akasema.

"Nenda basi, wageni wanangoja."

Mvua ilikoma akina mama walipokuwa wakiagana. Stima ilirudi kesho yake, Jumapili jioni, na balbu ya Zilpah nayo ikawaka juu ya kichwa chake, ghafla, bila mtu kugonga mlango. Ng'ambo, mlango wa Andati ulikuwa wazi kidogo, na mtu alikuwa amesimama nyuma yake akitazama.

Zilpah alikuwa amekaa anachambua mchele. Aliiacha iwake kidogo, akautazama ukuta, msumari ambapo koti la Isaiah lilikuwa likining'inia. Kisha akainuka, akaizima balbu kwa mkono wake, akawasha taa yake ya mafuta, akaendelea na mchele.