Nguzo ya Chumbani

Wakubwa walipotugawia chumba ghorofani, tulikuta nguzo ya zege imesimama katikati kama mgeni asiyejua kuaga. Kitanda chetu cha watu wawili kikakataa kila upande. Tukakiuza, tukanunua viwili vyembamba, kimoja huku, kimoja kule. Mke wangu alicheka. Kila akiamka aligonga nguzo: "Hodi, jirani." Namjibu, "Karibu." Tukazeeka hivyo, mume na mke majirani. Akaugulia kule upande wake, akafia kulekule, nami kitandani kwangu naona miguu yake tu.

Juzi walikuja wawili: msanifu aliyechora jengo letu, na mhandisi aliyepanga nguzo zake. Wanachora jingine kiwanja cha pili, wakaona kwanza waje watazame walikoharibu.

"Mimi nilichora vyumba vizuri, mzee," msanifu akasema. "Nguzo zilikuja baadaye."

"Ziende wapi?" mhandisi akamkata. "Uliniletea ramani imeshapitishwa na wakubwa. Ghorofa ningeitundika mawinguni?"

"Ndiyo maana sasa tunakaa meza moja tangu mstari wa kwanza. Nguzo zote zinaingia ukutani."

"Hongereni," nikawaambia. "Mmeelewana wakati mwenzangu keshazikwa."

Msanifu akasema nikitaka nitapewa chumba kwenye jengo jipya, kisicho na nguzo kabisa, kitanda kikubwa kinaingia na nafasi inabaki. Wanasubiri neno langu tu. Nami nilikuwa nimeshaamua. Nguzo ile ningeihama hata kwa kutambaa.

Mhandisi alikuwa amezungukia kule upande wa marehemu, simwoni. Watu wa kazi hiyo wana tabia yao, hawapiti penye zege bila kulijaribu kwa mkono. Akagonga kwa vidole, ko ko.

"Karibu," nikasema.

Lilinitoka lenyewe. Mhandisi akachungulia, mkono bado uko kwenye nguzo.

"Umesemaje, mzee?"

"Chumba chenu wapeni watu wawili."

"Lakini mzee wangu, si wewe uliyelalamika miaka yote?"

"Na bado nalalamika. Waambie wakubwa wako: analalamika, hahami."

Wakashuka ngazi pamoja, wanaongea, wanachekeshana. Siku hizi wanapatana. Nikafunga mlango. Nikatandika kitanda changu, kisha nikazunguka nguzo, nikatandika na cha kule.