Mishono Mitatu ya Pamba

Siku Unyoya alipotoka kwenda kazini na asirudi, dada yake alikuwa amemnunia. Alimwona kupitia dirisha la chumba cha ngozi akivuka uwanja, tandiko begani. Unyoya akampigia mluzi wake ule wa kuomba yaishe, na dada mtu akainamia sindano kana kwamba hajasikia. Hilo ndilo jambo la mwisho alilomfanyia akiwa hai.

Walikuwa wamefanya kazi kwenye mabanda yale ya farasi miaka kumi na minne. Dada alikuwa mshonaji: matandiko, mikanda, hatamu, kila ngozi iliyomgusa farasi ilipita mikononi mwake kwanza. Mdogo wake alifundisha farasi wachanga kupandwa. Jina la Unyoya alipewa na wenzake kwa wepesi wake. Walisema farasi akimbeba hugeuza shingo kuangalia kama kweli kuna mtu.

Mwaka ule aliletewa Jivu, dume la miaka mitatu, rangi kama majivu ya mkaa, mwenye masikio ya kusikiliza hata yasiyomhusu. Jivu alikuwa na kasoro moja. Kitu kikimkera, alisimama wima kwa miguu ya nyuma na kupiga hewa kwa kwato za mbele.

"Kuinuka kwenyewe hakuui," Unyoya alikuwa akimweleza dada yake. "Kinachoua ni woga wa aliye juu. Unang'ang'ania hatamu, hatamu zinavuta mdomo, farasi anakwenda chali, na wewe uko chini yake. Akiinuka, legeza, inama mbele, kumbatia shingo. Akishuka tu, mgeuze kichwa pembeni, mzungushe, atembee. Farasi anayetembea hawezi kuinuka."

"Na ukisahau kulegeza?"

"Ndiyo maana nikapewa dada."

Kwa farasi wa aina hiyo, dada alishona hatamu kwa namna yao wawili, ambayo hakuna banda jingine lililoijua. Pale ngozi inapoungana na pete ya lijamu, kile chuma cha mdomoni, hakutumia uzi wa nta. Alitumia uzi wa kawaida wa pamba, mishono mitatu tu kila upande. Ilitosha kumwongoza farasi, lakini mtu akining'inia kwa uzito wa mwili wote, ilikatika, mdomo wa farasi ukawa huru, na mpandaji akashika mkanda wa shingoni. Kwa Jivu ilikuwa imekatika mara nne. Kila mara Unyoya alirudi na kipande kinaning'inia mkononi, anacheka. "Dada, nimezaliwa tena. Nishonee."

Halafu Bosi akaja na mgeni.

Mgeni alitaka kumnunua Jivu, na Bosi hakutaka asikie habari za kuinuka. Alimwonyesha meno, miguu, mgongo. Alipofika kwenye hatamu alizivuta kwa mbwembwe, kama mtu anayesifia nguo, na zikamkatikia mkononi.

"Fundi!" akaita. "Njoo uone aibu yako. Kamba ya kiatu changu ina nguvu kuliko hii."

Mgeni akacheka. Dada akamtazama mdogo wake ili aseme. Neno moja lingetosha: ni mimi niliyemwambia. Lakini kusema hivyo kungekuwa kumwambia mgeni kwamba farasi anainuka, na Unyoya alimwogopa Bosi kuliko alivyowahi kumwogopa farasi yeyote. Akatazama viatu vyake. Kisha, kwa kuwa wakubwa walikuwa wanacheka, naye akacheka.

"Macho yake yameanza kuchoka, Bosi," alisema. "Mvumilieni."

Jioni ile dada alichukua uzi wa nta, akaukunja mara mbili. Alishona mishono minane kila upande, akakaza kila mmoja mpaka vidole vikaingia mistari. Alijiambia ni amri ya Bosi, ingawa Bosi hakuwa ameamuru kitu. Alizitundika hatamu kwenye msumari wake na kwenda kulala na hasira yake. Alikusudia kumwambia asubuhi, akishaombwa msamaha.

Asubuhi Unyoya alizichukua pale msumarini bila kuzikagua.

Walioona walisema Jivu aliinuka kwa sababu ya turubai lililopigwa na upepo. Ardhi ilikuwa na maji ya mvua. Mguu wa Unyoya ukachomoka kwenye kikuku cha tandiko, akaserereka nyuma, na mikono ikafanya kile ambacho mikono hufanya. Alining'inia. Hatamu hazikukatika.

Dada alisikia kishindo, akatupa sindano. Alipofika, farasi alikuwa amesimama pembeni anatetemeka, na wanaume wamepiga magoti wakimzunguka mtu ambaye hakuhitaji tena kuinuliwa haraka. Alilia kama wengine. Lakini kabla jua halijazama, hatamu zilikuwa chini ya aproni yake, nzima, na hakuna aliyeuliza ziko wapi.

Baada ya maziko wote walikubaliana kwamba farasi ni muuaji. Aliyesema kwa sauti zaidi ni wifi yake, mke wa Unyoya, ambaye kazi yake ilikuwa kupima nafaka za farasi stoo.

"Sitaki huyo mnyama akanyage juu wakati mume wangu yuko chini," alimwambia Bosi. "Mimi simpimii hata kiganja."

Bosi hakubisha. Mgeni alikuwa ameshaghairi. Daktari wa mifugo aliitwa, aje Alhamisi na bunduki yake.

Ilikuwa Jumamosi. Siku nne dada alimpelekea Jivu maji, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka. Farasi alirudi ukutani kila akiona mtu. Pembe za mdomo wake zilikuwa zimechanika, pande zote mbili sawasawa, na dada ndiye peke yake aliyejua uzi gani uliozichana.

Jumatano mchana alikwenda kwa wifi yake. Alimkuta chumbani, anakunja mashati ya marehemu.

"Wifi, nina neno."

"Kama ni pole, nimejaziwa humu hadi darini. Iache mlangoni na nyingine."

Dada aliweka hatamu juu ya kitanda. "Hizi ndizo alizoshika."

Wifi hakuwa fundi, lakini alikuwa ameishi na hadithi za mishono mitatu kwa miaka. Alizigeuza, akavuta, akavuta tena.

"Mbona hazijakatika?"

"Nilizishona zisikatike."

Akasema yote: mgeni, kicheko, uzi wa nta, mluzi wa asubuhi. Wifi alisikiliza huku shati likiwa limekunjwa nusu.

"Alijua?"

"Hapana."

"Angevuta mara moja tu kabla ya kupanda."

"Hakuwahi kukagua kazi yangu."

"Hakuwahi," wifi alisema. "Yangu aliikagua. Chai ina sukari kiasi gani, kola imepigwa pasi vipi. Lakini ya dada yake? Thubutu!" Akamaliza kukunja shati, akaliweka juu ya mengine, akalinyoosha. "Siku zote hizi umenitazama nikimlaani mnyama, na mdomo umeufunga."

"Niliogopa."

"Na yeye aliogopa. Nyumba yenu nzima ni ya waoga. Afadhali farasi, akikasirika anaonyesha."

Kisha akavaa viatu. Dada alidhani anakwenda kumtangaza, akamfuata. Bosi alikuwa ofisini. Wifi alitupa hatamu mezani na kueleza kwa maneno machache makavu. Bosi alizitazama bila kuzigusa.

"Mimi nilisema kazi ni mbovu," alisema. "Sikumwambia mtu aue ndugu yake."

"Sijakuja kukugawia fungu lako la lawama," wifi alisema. "Unalijua. Nimekuja kusema farasi asiuawe."

"Jumamosi ulitaka—"

"Jumamosi nilidanganywa." Akamgeukia wifi yake. "Nafaka nitampimia. Atakayempelekea ni wewe. Asubuhi na jioni, mpaka mmoja wenu afe. Na mimi usiniite tena wifi."

Daktari hakuja.

Jivu ana miaka saba sasa. Hajauzwa, hakuna anayemtaka. Anafundishwa na mpandaji mwingine, mtu wa maneno machache, ambaye humzungusha kwa duara ndogo na hamruhusu kusimama mahali pamoja. Mwaka huu ameinuka mara mbili tu. Kila asubuhi ndoo ya nafaka huwa imewekwa nje ya stoo, na mlango umefungwa. Dada huichukua na kumpelekea.

Hatamu za Jivu zimeshonwa kwa uzi wa pamba, mishono mitatu kila upande. Kabla ya kupanda, mpandaji mpya huzishika kwa mikono miwili na kuzivuta kwa nguvu zake zote mpaka zikatike. Zikikatika, humrudishia dada, naye hushona tena.